Kikapu Kimetuliwa: Mashine za Chai za Kericho na Ahadi ya Kufundishwa Kazi Nyingine

Mchuma chai hodari haangalii vidole vyake. Macho hutangulia juu ya kichaka yakitafuta chipukizi, na mikono yote miwili huyafuata: majani mawili na ncha changa katikati, tena na tena, mpaka konzi ijae na irushwe nyuma ya bega iingie kikapuni. Jani lililokomaa huachwa. Tawi gumu huachwa. Jioni kikapu hufikishwa mizanini, karani huandika kilo, na kilo ndizo mshahara. Anayepita kwa gari akitoka Nakuru kwenda Kisumu huona zulia la kijani na watu walioinama, akadhani hiyo ni kazi ambayo yeyote anaweza kuianza kesho asubuhi. Akijaribu ataona. Mgeni wa kazi hii hupata kilo chache mwezi mzima wa kwanza, mgongo ukakakamaa na vidole vikachubuka.

Mashine haihitaji macho. Aina ndogo hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa michai, wembe ukinyoa juu ya vichaka na upepo ukisukuma majani kuingia katika mfuko mrefu unaofuata nyuma. Aina kubwa huendeshwa na dereva aliyeketi. Kwa siku moja mashine hufanya kazi ya makumi ya watu, na haidai nyumba wala zahanati.

Mei 2023 waandamanaji huko Kericho walivamia mashamba ya kampuni ya Ekaterra, ile iliyorithi mashamba ya Unilever na kabla yake Brooke Bond, wakachoma moto mashine kadhaa za kuchumia chai. Ghasia hizo zilileta kifo na majeruhi, wakiwemo polisi. Miezi michache kabla ya hapo kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya kaunti kilikuwa kimependekeza kiwango: asilimia 60 ya majani yachumwe kwa mashine na asilimia 40 kwa mkono. Mjumbe mmoja wa kikosi hicho alieleza kwamba katika kaunti ya Kericho peke yake kazi 30,000 zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mashine ndani ya miaka kumi.

Kila jambo kama hili linapotokea, jibu moja hutolewa na wanasiasa, wenye kampuni na wataalamu kwa pamoja: wafundishwe kazi nyingine. Ni jibu jepesi mdomoni. Nataka kulipima jibu hilo kwa mizani ileile ya shambani, kwa sababu naamini mchuma chai hakushindwa kujifunza. Mafunzo yenyewe humfikia akiwa amechelewa, huandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine, na mara nyingi mwishoni mwake hakuna kazi.

Kwa nini mashine ilikuja

Tuanze kwa kutendea haki upande wa wenye mashamba. Mashine zilianza kuonekana Kericho katikati ya miaka ya 2000. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kilizipinga tangu mwanzo, na Oktoba 2010 maelfu ya wafanyakazi walisusia kazi kwa sababu hiyo. Kampuni zilijibu kwamba mshahara wa wachumaji ndio mzigo mkubwa kuliko yote katika gharama za shamba, na kwamba bei ya chai haipangwi Kericho. Inapangwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi hulinganisha chai ya Kenya na ya nchi nyingine kabla ya kutaja bei.

Lakini ipo sababu ya ndani zaidi, nayo ni aina ya chai tunayotengeneza. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupita katika vinu vya CTC, ambavyo hukata, hurarua na kuviringisha jani mpaka liwe chembe ndogo za kujazwa kwenye vifuko. Chai hii inathaminiwa kwa rangi na ukali wake, na huuzwa kwa wingi ikachanganywe na nyingine ng'ambo. Kinu cha namna hiyo huvumilia jani lililokatwa ovyo kuliko chai inayouzwa ikiwa jani zima. Kwa hiyo siku tulipokubali kuuza chai ya gunia, tuliuandaa mlango ambao mashine ingeingilia. Si ajabu kwamba wakulima wadogo wanaouza kupitia KTDA, wakala wa ustawishaji wa chai, ambao ni zaidi ya nusu milioni, wamehimizwa kushikilia uchumaji wa mkono. Jina la chai yao sokoni linategemea yale majani mawili na chipukizi lake.

Kilichopotea si mshahara tu

Anayesema "kazi 30,000" huenda akafikiria mishahara 30,000. Hesabu hiyo ni pungufu. Mfanyakazi wa shamba kubwa la chai huishi kambini, katika nyumba ya kampuni. Watoto wake husoma shule ya shamba. Akiugua huenda zahanati ya shamba. Maji na kuni hupatikana hapohapo. Siku anapopewa barua ya kupunguzwa kazini, hupewa pia siku za kuhama. Kwa barua moja familia hupoteza kipato, paa, shule na daktari.

Wengi wa hao hawana pa kurudi. Mashamba ya Kericho yalivuta watu kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi mwa Kenya kwa vizazi kadhaa, na mtoto aliyezaliwa kambini mara nyingi hana hata robo ekari nyumbani kwa babu yake. Wenyeji nao, Wakipsigis, wana kilio cha zamani zaidi. Ardhi hiyo ilitwaliwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita ikapewa walowezi na kampuni. Mababu walipoteza ardhi. Kilichobaki kwa wajukuu kilikuwa ajira juu ya ardhi hiyohiyo. Mashine ilipoichukua ajira, ilitonesha kidonda cha miaka 100. Asiyejua historia hiyo ataona katika moto wa Mei 2023 wahuni wanaochukia maendeleo, na atakuwa ameukosa ukweli wote.

Tena mashine haikugusa wote sawasawa. Uchumaji wa mkono umekuwa kazi ya wanawake kwa wingi, kwa kuwa unataka wepesi wa vidole na uvumilivu. Mashine ya kubebwa ni nzito, ina mtetemo na kelele, na waliokabidhiwa zaidi ni vijana wa kiume. Hivyo hata zile nafasi chache mpya zilizoletwa na mashine hazikwenda kwa aliyepoteza.

Kazi mpya huenda kwa nani?

Watetezi wa teknolojia husema historia iko upande wao, na wana hoja. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, wengi walitabiri kilio katika benki. Foleni za kaunta zilipungua kweli, na benki zikafunga baadhi ya matawi katika miaka iliyofuata. Lakini kila kona ya Kenya, na baadaye ya Tanzania, palichipuka wakala wa pesa: kibanda, meza, mwavuli, simu mbili na daftari. Ajira zilizozaliwa hapo ni nyingi sana.

Tazama tena, hata hivyo, ni nani aliyeketi chini ya mwavuli ule. Karani wa benki aliyeachishwa si yeye aliyekuwa wakala. Alikuwa na umri mwingine, mkopo wa nyumba, na mazoea ya mshahara wa kila mwezi wenye bima. Wakala hulipwa kwa kamisheni, na siku asipofungua kibanda hali. Kwa takwimu za taifa, kazi moja ilikufa na nyingine ikazaliwa. Kwa familia mbili husika, moja ilishuka na nyingine ikapanda kidogo. Tunaposema "teknolojia huleta kazi mpya" tunasema kweli kuhusu nchi na kunyamaza kuhusu mtu.

Hata wataalamu hawajakubaliana juu ya ukubwa wa tishio. Mwaka 2013 Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Oxford walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Miaka mitatu baadaye utafiti uliofanywa kwa ajili ya OECD, shirika la nchi tajiri, ulitoa asilimia 9 kwa nchi hiyohiyo. Tofauti ilitokana na namna ya kuhesabu. Wa kwanza walipima kazi nzima kwa jina lake; wa pili walitazama majukumu yaliyo ndani ya kila kazi, wakaona kwamba wengi hufanya mambo kadhaa na mashine huyachukua baadhi tu. Funzo kwetu ni hili: mwenye kazi ya majukumu mengi ana nafasi ya kubadilika akiwa bado kazini. Mchuma chai ana jukumu moja, na mashine imelichukua lote.

Vikwazo vya kujifunza upya

Kikwazo cha kwanza ni tumbo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka anayepunguzwa kazini apewe taarifa ya mwezi mmoja na alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mtu wa miaka 20 kazini, basi, hupata mshahara wa siku 300. Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 kwa kila mwaka, na haihesabu zaidi ya miaka 10. Yule mwenye miaka 20 angepata siku 70. Ndani ya pesa hizo mna kodi ya nyumba mpya, karo, na deni la dukani. Kozi ya ufundi ya miezi sita haiwezi kusimama juu ya akiba ya siku 70. Anayeambiwa akasome huku watoto hawajala hatakwenda, na hatuna haki ya kumwita mvivu.

Cha pili ni karatasi. Vyuo vyetu vya ufundi vimejengwa kwa kijana aliyetoka shule akiwa na cheti mkononi. Mama wa miaka 45 aliyeishia darasa la sita hupotea langoni kabla hajafika darasani. Watu humpigia methali kwamba samaki mkunje angali mbichi. Lakini mama huyo amejua kutambua jani bora kwa kulitazama mara moja, kupanga mwendo wa siku nzima, kuongoza wenzake watano katika mstari, na kujua shamba lipi limekumbwa na ugonjwa. Ujuzi upo, cheti ndicho hakipo. Tanzania imepiga hatua hapa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mitaani hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Ni mpango mzuri, ila umezaliwa kwa ajili ya waashi, makanika, wapishi na wenzao. Bado hatujauliza ujuzi wa shambani unapimwaje, na unaweza kumpeleka wapi mwenye kuumiliki.

Cha tatu ndicho kizito zaidi: kazi iliyo mwishoni mwa mafunzo. Mfano unaouma unatoka mbali, katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kiwanda cha magari cha General Motors kilifunga shughuli zake huko Desemba 2008, na mamia ya wafanyakazi wakaingia chuo cha ufundi kilichokuwa karibu. Mwandishi Amy Goldstein aliufuatilia mji huo kwa miaka kisha akachapisha kitabu mwaka 2017. Alipolinganisha takwimu akishirikiana na wachumi, alikuta waliorudi darasani walikuwa na kazi chache na mishahara midogo kuliko wenzao ambao hawakwenda. Hawakuwa wajinga, na walimu wao hawakuwa wabaya. Mji wenyewe haukuwa na kazi za kuwapa, na wale waliowahi kutafuta chochote walizichukua zile chache zilizokuwepo wakati wengine wakiwa wanasoma. Ikiwa ni hivyo katika nchi tajiri yenye vyuo na mikopo, itakuwaje Kericho, ambako mwajiri mkubwa ni shamba lilelile lililowaachisha? Ukifundisha wanawake 200 ushonaji katika mji unaohitaji washonaji 20, umezalisha washonaji 180 wanaoshushiana bei.

Cha nne ni kwamba hata kazi mpya huzeeka upesi. Kwa miaka kadhaa vijana wa Kenya wenye elimu waliambiwa wakimbilie mtandaoni. Mpango wa serikali wa Ajira Digital uliwafundisha kunukuu sauti kuwa maandishi, kuingiza data, kuandika makala na kuhudumia wateja kwa mbali, na wapo waliopata riziki ya heshima. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Kunukuu, kuandika makala ya kawaida na kujaza data ndizo kazi ambazo akili mnemba huzifanya kwa sekunde. Kijana aliyejifunza kazi ya kumwokoa na ukosefu wa ajira ameipata mashine ikimsubiri huko alikokimbilia. Tusidhani basi kwamba kosa la mchuma chai lilikuwa kutosoma. Kinachohitajika ni uwezo wa kujifunza mara kwa mara, na mahali pa kusimama wakati wa kujifunza.

Nani anayelipa?

Pesa za mafunzo zipo. Nchini Kenya kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinazokwenda kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Tanzania Bara waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara wanayolipa. Shida ni mkondo wa pesa hizo. Kenya mwajiri huwafundisha walio kazini kisha akadai kurudishiwa gharama. Aliyeachishwa hana mwajiri wa kudai kwa niaba yake. Tanzania sehemu ya tozo imekuwa ikielekezwa kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Ni jambo jema, lakini mtoto wa chuo na kibarua wa miaka 50 hawana shida moja. Kati ya mifuko yote tuliyo nayo, hakuna uliowekwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa na kazi jana na leo hana kwa sababu mashine imeingia.

Sweden ilijaribu njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana katika mikataba yao kuanzisha mabaraza ya kuwavusha wanaopunguzwa kazini. Kila mwajiri huchangia sehemu ndogo ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hukutanishwa na mshauri wake mara tu anapopata taarifa, kabla hajafika siku ya mwisho. Uchumi wao si wetu, na wao wana ajira nyingi za kuhamia. Mambo mawili yanaweza kusafiri mpaka Kericho, nayo ni muda na mlipaji. Msaada huanza mapema, na hulipiwa na yule anayefaidika na mabadiliko.

Tulishaliona

Sisi si wageni wa msiba huu. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, ikiongoza dunia. Kisha kamba za plastiki zikaenea, bei ikaanguka, na makosa ya uendeshaji yakaongeza uzito. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani zisizofika 30,000. Manamba waliotoka mbali kuja Tanga na Morogoro kukata mkonge walibaki katika makambi yaliyobomoka, wamezeeka, hawana shamba wala nauli. Hakuna aliyewafundisha kitu. Watoto wao ndio waliobadilika, na kubadilika huko kulichukua kizazi kizima. Huo ndio mpango unaotokea wenyewe pale ambapo hakuna mpango.

Kwa hiyo kinachotakiwa Kericho, na kwingineko mashine zinakobisha hodi, kinajulikana. Kampuni inayoagiza mashine ijulishe chama na kaunti tangu siku inapoagiza, na mwendo wa kuzitumia upangwe katika mkataba wa hali bora. Sehemu ya akiba inayoletwa na mashine iingie katika mfuko wa kuwavusha wafanyakazi, ulipe posho ya chakula wakati wa mafunzo, na usiishie kulipa walimu. Nyumba ya kambi isichukuliwe kabla mafunzo hayajaisha. Aliyeichuma chai kwa mkono apewe nafasi ya kwanza ya kuendesha mashine, na mashine hiyo ifungwe kwa namna ambayo mwanamke ataimudu. Kozi zichaguliwe baada ya kuhesabu kazi zilizopo, si kabla. Na taifa lenyewe litengeneze chai nyingi zaidi ya kiwango cha juu, inayouzwa ikiwa jani zima na kufungashwa hapahapa. Chai hiyo ndiyo inayohitaji jicho na vidole, na ndiyo inayoweza kulipa mshahara wa mwenye vidole hivyo.

Yapo yatakayowagharimu wenye kampuni, na yapo yatakayowagharimu wafanyakazi. Baadhi ya kazi hazitarudi, na kiongozi wa chama anayewaahidi wanachama kwamba mashine zitaondoka zote anawadanganya. Lakini anayesema "wafundishwe kazi nyingine" bila kutaja ni kazi gani, iko wapi, nani atalipa na watoto watakula nini katika miezi hiyo, naye hajasema kitu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimsikia waziri, mbunge au meneja akiitoa kauli hiyo, muulize maswali hayo manne. Asipoyajibu, jua kwamba mzigo wa mashine umeshapangiwa mbebaji, naye ni yule mama aliyetua kikapu.